Pumzi ya Samaki na Wajibu wa Mwenye Bwawa

Mtu wa Shinyanga hahitaji kufundishwa habari za ng'ombe. Tangu utotoni amechunga. Akimwona ng'ombe amelegeza masikio, ameacha kucheua, na manyoya yamesimama, hujua mara moja kwamba mnyama huyo ni mgonjwa, wala halali usingizi mpaka amemtafutia dawa. Lakini mtu huyo huyo akichimba bwawa na kutia samaki, huenda akasimama ukingoni alfajiri moja, akawaona samaki wake wote wamekuja juu wakifungua na kufunga vinywa, akafurahi na kuwaita watoto waje kuwatazama wakicheza. Kesho yake awakuta wanaelea, matumbo juu. Samaki wale hawakuwa wakicheza hata kidogo. Walikuwa wakikosa pumzi, nao walimwambia bwana wao kwa lugha pekee waliyo nayo, ila yeye hakuifahamu.

Ng'ombe hulia, mbuzi hulia, kuku hupiga kelele. Samaki hana sauti ya kutufikia. Kwa hiyo yampasa mwenye bwawa ajue mwili wa samaki ulivyo na unavyofanya kazi, apate kusoma kwa macho yale asiyoweza kuyasikia kwa masikio. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza leo viongozi wa vijiji, walimu, na kila asomaye.

Kufuga samaki si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege yalianza mahali pawili: Korogwe, katika Mkoa wa Tanga, na Malya, katika Usukuma, penye njia ya reli iendayo Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa, na kufika mwaka 1968 ilihesabiwa kwamba nchi nzima ilikuwa na mabwawa 8,000 hivi. Lakini mengi yalikuwa madogo mno, mengine hayakuzidi mita 20 za mraba, na mavuno yakawa haba. Mengine yalikaushwa na ukame, na mengine yaliachwa kwa kuwa wenyewe hawakujua kuyatunza. Walijua kuchimba, hawakujua samaki anahitaji nini.

Siku hizi kazi hiyo imeamka tena. Katika Ziwa Viktoria, pande za Geita, Chato na Mwanza, watu hufuga sato katika vizimba vya nyavu vinavyoelea majini, na mwezi wa Januari 2024 Serikali iligawa vizimba na boti huko Mwanza kwa njia ya mkopo. Huko Shinyanga, palipo mbali na ziwa na mvua ni chache, watu hutumia mabwawa ya kuchimba na malambo, wakafuga sato na kambale. Basi tusije tukarudia kosa la wazee wetu.

SAMAKI HUPUMUAJE

Chukua sato aliyevuliwa sasa hivi, ufunue kile kifuniko kilicho nyuma ya jicho. Utaona matao manne kila upande, na katika kila tao nyuzi nyekundu zimepangwa kama meno ya chanuo. Hayo ndiyo matamvua, nayo kwa samaki ni kama mapafu kwetu. Wekundu ule ni damu, ambayo imetengwa na maji kwa ngozi nyembamba sana.

Samaki hujaza maji kinywani, akafunga kinywa, akayasukuma maji yapite katikati ya nyuzi zile na kutoka nje chini ya kifuniko. Maji yapitapo, ile sehemu ya hewa itupayo uhai, iitwayo oksijeni, huingia katika damu, na hewa chafu hutoka. Nayo damu haiendi pamoja na maji, bali huja kinyume chake, kama watu wawili wanaokutana njiani. Kwa sababu hiyo kila hatua damu hukutana na maji yaliyo na oksijeni zaidi kuliko yenyewe. Kwa ufundi huo samaki aweza kutoa majini hata sehemu 8 katika kila sehemu 10 za oksijeni iliyomo. Sisi, kwa mapafu yetu, hutoa kama robo tu ya ile tunayoivuta.

Mtu atauliza, kwa nini samaki ahitaji ufundi mkubwa hivyo? Jibu ni kwamba maji ni maskini. Katika lita moja ya hewa mna mililita 210 hivi za oksijeni. Katika lita moja ya maji yaliyo wazi kwa hewa, yenye joto la digrii 25, haziingii hata mililita 6. Na kwa kuwa nchi ya Shinyanga na Geita iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji yake hupata pungufu zaidi. Basi samaki ni kama mtu aishiye kwa kibaba kila siku: kikipungua kidogo tu, ameona njaa.

Tena kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni joto. Samaki hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe; mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipata moto, mwili wake hufanya kazi kwa haraka na kutaka oksijeni zaidi, na wakati huo huo maji ya moto huweza kushika oksijeni kidogo zaidi. Haja yaongezeka na akiba yapungua. Kwa hiyo bwawa la kina kifupi, lisilofika mita moja, katika jua la Shinyanga la mwezi wa Oktoba, ni hatari.

La pili ni usiku. Rangi ya kijani katika bwawa ni mimea midogo sana isiyoonekana mmoja mmoja. Mchana, kwa nguvu ya jua, mimea hiyo hutoa oksijeni na kuwafaa samaki. Lakini jua likizama huacha kazi hiyo, nayo huvuta oksijeni kama samaki wenyewe. Na samadi na mabaki ya pumba yanayooza chini huvuta pia. Oksijeni hupungua saa baada ya saa, na wakati wa uhaba mkubwa ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ndiyo maana bwawa lililotiwa samadi kupita kiasi huonekana zuri mchana, na samaki hufa usiku.

DALILI NA DAWA YAKE

Mwenye bwawa na azoee kwenda kulitazama alfajiri. Samaki wakiwa juu wakivuta maji ya usoni kwa vinywa, ni kwa sababu maji yale yaliyogusana na hewa ndiyo yenye oksijeni iliyosalia. Wakijikusanya penye maji yanayoingia, sababu ni hiyo hiyo. Vifuniko vya matamvua vikipiga haraka, na samaki wakikataa chakula, ni dalili za namna moja.

Aonapo hivyo, asitupe chakula hata kidogo siku hiyo, wala asitie samadi, maana kula nako huongeza haja ya oksijeni. Na aingize maji mapya, yaanguke kutoka juu ili yachukue hewa. Au achote maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, mara nyingi, yeye na jamaa zake. Kisha, hatari ikipita, atafute chanzo: samaki wamezidi, au samadi imezidi, au chakula kinabaki na kuoza. Katika bwawa lisilo na maji yanayopita, samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba watosha.

Kuna na kipimo kisicho na gharama. Tumbukiza mkono wako wima katika bwawa mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Ikiwa kiganja hakionekani kabisa kwa ukijani, mimea imezidi, acha samadi. Ikiwa chaonekana wazi mpaka kucha, chakula cha asili ni kidogo.

Wafugaji wa vizimba wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu kwa kuwa ziwa ni kubwa. Mwezi wa Novemba 2022, upande wa Kenya karibu na Kisumu, samaki wengi walikufa katika vizimba kwa muda mfupi, na wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni kuwa ndio chanzo. Samaki aliye huru ziwani akiona maji mabaya hukimbia. Aliye kizimbani hana pa kukimbilia. Mtu aliyemfungia ndiye aliyemnyima njia, na kwa hiyo ndiye awajibikaye.

Wengine husema, "Mimi nafuga kambale, yeye hafi." Ni kweli kwamba kambale ana kiungo cha pekee juu ya matamvua kimwezeshacho kuvuta hewa akija juu, na kamongo ana mapafu hasa, hata hulala matopeni lambo likikauka. Lakini kuvumilia si kustawi. Kambale waliosongamana bila kupangwa kwa ukubwa huumana na kulana, na uchafu wa maji humdhuru hata yeye. Maana samaki hatoi taka zake kwa mkojo tu kama sisi. Sehemu kubwa hutoka kwa njia ya matamvua, nayo ni amonia, iliyo sumu. Ikizidi majini huyaunguza matamvua, na ukali wake huongezeka maji yakiwa ya moto. Kunuka kwa bwawa ni onyo kwa kila mfugaji, awe wa sato au wa kambale.

JE, SAMAKI HUONA MAUMIVU?

Watu wengi husema samaki hana maumivu, kwa kuwa halii na damu yake ni baridi. Mwaka 2003 wataalamu watatu huko Scotland, Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya samaki aitwaye trauti. Waliona kwamba usoni na midomoni mwake mna mishipa ya fahamu iamkayo kwa kuchomwa, kwa joto kali na kwa kemikali iunguzayo, kama ile iliyo katika wanyama wengine. Tena samaki waliotiwa siki kali au sumu ya nyuki midomoni walipumua kwa haraka, wakakawia kula, na wale wa siki walisugua midomo yao katika changarawe chini ya maji.

Si wataalamu wote waliokubali. Wako wasemao kwamba ubongo wa samaki hauna ile sehemu ambayo kwetu huhisi maumivu, na kwamba kujikunyata si sawa na kuumia. Hoja hiyo haijaisha. Lakini sisi tusiokuwa na maabara twaweza kufuata busara ya wazee: Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ikiwa kuna shaka, ni heri kumhurumia asiyeumia kuliko kumtesa anayeumia. Nayo nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, limeweka kanuni za kusafirisha na kuua samaki wafugwao bila kuwatesa.

Tena huruma hii ina faida ya fedha. Samaki akifukuzwa, akibanwa au akishikwa vibaya, mwili wake hutoa homoni ya hofu, sukari hujaa katika damu, na nguvu zote huenda katika kujiokoa. Hofu hiyo ikiendelea siku nyingi, samaki hakui, hatagi vizuri, na magonjwa humshinda. Ute uliofunika mwili wake ni ngao yake dhidi ya ukungu na vijidudu; ukimshika kwa mikono mikavu umemvua ngao hiyo. Basi na tuzingatie haya:

1. Lowesha mikono na vyombo kabla ya kushika samaki, wala usimweke nje ya maji ila kwa muda mfupi.

2. Kabla ya kusafirisha vifaranga, waache bila chakula siku moja, wasichafue maji njiani. Safiri asubuhi mapema au jioni.

3. Ukifika, usiwamwage ghafula. Acha mfuko uelee bwawani robo saa au zaidi, kisha uingize maji ya bwawa kidogo kidogo, mpaka joto lilingane.

4. Wakati wa mavuno, usiwatupe majanini wakitapatapa. Nje ya maji nyuzi za matamvua hulaliana na kushikamana, na samaki hufa polepole kwa kukosa pumzi; kambale aweza kukaa hai saa nyingi. Mpige kila mmoja pigo moja thabiti la rungu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, apoteze fahamu mara moja, kisha ukate matamvua damu itoke. Samaki aliyehangaika muda mrefu hukakamaa upesi na nyama yake huharibika mapema; aliyeuawa kwa upesi hufika sokoni akiwa mzuri.

NENO KWA WATU WA MACHIMBO

Huko Geita kuna jambo kubwa zaidi, na hapa twaomba usikivu. Wachimbaji wadogo hushika dhahabu kwa zebaki, na marudio ya mchanga huchenjuliwa tena kwa sianidi. Sumu hizi mbili humdhuru samaki kwa njia mbalimbali.

Sianidi humwua samaki hata ikiwa kidogo sana majini, kiasi ambacho mtu hawezi kukitambua. Kazi yake ni kuzuia mwili usiitumie oksijeni. Maji yaweza kuwa na oksijeni tele, matamvua yakawa mazima, na bado samaki akafa kama aliyekabwa. Hapo kumwaga maji kwa ndoo hakufai kitu.

Zebaki ni adui wa namna nyingine, kwa sababu haonekani. Ikifika katika tope la mto au bwawa, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya namna iingiayo katika nyama ya viumbe. Wadudu wa tope huipata, samaki wadogo huwala wadudu, samaki wakubwa huwala wadogo, nayo hujikusanya zaidi kila hatua. Samaki huyo huogelea vizuri, hula vizuri, na hunenepa. Kupika hakuiondoi, wala kukaanga, wala kukausha. Mwishowe humfikia mtu, na aumiaye zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa maana hudhuru ubongo unaokua. Yote tuliyosema juu ya kusoma dalili kwa macho hayatoshi hapa.

Basi yafaa nini? Kwanza, mashimo ya machimbo yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua yasigeuzwe mabwawa ya samaki, hata yakionekana safi namna gani. Pili, bwawa lisichimbwe chini ya mteremko utokao penye makarasha, mialo au marudio, maana mvua ya kwanza itayaleta yote. Hata tope tupu la kuoshea mchanga huziba matamvua. Tatu, penye shaka, maji na tope yapimwe kabla ya kununua vifaranga. Afisa Uvuvi wa wilaya aweza kuonyesha njia ya kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko bwawa lililopotea, na haifanani kabisa na mtoto aliyedhurika.

Viongozi wa vijiji wana kazi yao hapa. Kijiji kikipanga matumizi ya ardhi, mahali pa kuchenjua dhahabu na mahali pa maji ya watu, mifugo na samaki pasiwe pamoja. Ni rahisi kulisema jambo hili kabla ya bwawa kuchimbwa kuliko kuamua kesi baadaye, wakati samaki wamekwisha kufa na jirani wawili hawasemezani.

Nanyi walimu, bwawa la shule ni darasa lisilo na mfano. Wapeni wanafunzi daftari waandike kila alfajiri: samaki wako wapi, wamekula, maji yana rangi gani, kiganja kilionekana au la. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto aliyezoea kuandika hivyo mwaka mmoja atajua mambo ambayo wachimbaji wa mabwawa ya zamani hawakuyajua.

Atakaye kuanza na aulize kwanza. Kuna Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji huko Rubambagwe, wilayani Chato, na chuo cha uvuvi Nyegezi, Mwanza. Tena kila wilaya ina Afisa wake. Kisha, bwawa likijaa na vifaranga wakitiwa, mwenyewe asilale mpaka jua kali. Na aamke kabla ya mapambazuko, ashuke mpaka ukingoni, atazame. Maji yakiwa matulivu na samaki wako chini, arudi akanywe uji wake kwa amani. Akiwaona juu wakifungua vinywa, na ashike ndoo.